Shangazi na kidonda cha mdomo

Tangu Jumatano hainitoki. Shangazi kaja kutoka Ujiji na dumu la mawese, kanawa mikono, kaingia moja kwa moja chumbani kumwona mjukuu, mtoto wa mdogo wangu. Mtoto hata kitovu hakijadondoka. Alipoinama ambusu nikayaona pembeni mwa mdomo wake: malengelenge yameshikana, moja limepasuka, linang'aa majimaji.

“Shangazi, samahani, usimbusu.”

Akabaki ameinama. “Hii? Si homa tu imetokea mdomoni.”

“Ndiyo hiyohiyo, shangazi.”

“Wewe nimekulea kwa mdomo huuhuu.”

Akajifunga khanga, akaenda kukaa barazani. Mdogo wangu katoka wodini salama, mwanangu kapangiwa kidato cha tano Tabora, na mimi kichwani ni hilo tu. Kwa mdomo huuhuu. Ni kweli, ndiye aliyenichambulia miba ya samaki mgebuka.

Lakini jana zamu ya usiku wodini nikamkumbuka kichanga mmoja tuliyewahi kumpokea. Aliletwa hanyonyi, amelegea, wa baridi. Malengelenge yalitokea kichwani baadaye, degedege limeshaanza; wengine hayatokei kabisa. Kwa mtu mzima herpesi, kirusi cha malengelenge hayo ya mdomoni, ni kero ya siku chache. Kwa kichanga kirusi hichohicho huweza kuingia kwenye ubongo, ini na mapafu, na dawa ni asaikloviri ya mshipani kila baada ya saa 8, kwa siku 14, au 21 kikishafika huko. Wengi hukipata kwa mama wakati wa kuzaliwa, hasa mama aliyeambukizwa mara ya kwanza mwishoni mwa ujauzito. Ila wapo wanaokipata kwa busu la mtu aliyekuja kuwapenda.

Huzuni ikageuka hasira. Mama anaambiwa habari za kitovu, chandarua na chanjo. Mdomo wa mgeni nani anautaja? Na arobaini tunayo tayari! Ndani ya arobaini mtoto asibusiwe, na mwenye kidonda asimshike mpaka kikauke.

Leo nimempigia.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Gaga bado halijabanduka,” akasema, akakata simu.

Kwa hiyo analiangalia! Nimecheka peke yangu jikoni.

Sasa kilichobaki ni Ziwa Tanganyika. Limefungwa kwa muda, hakuna kuvua, baba watoto hana dagaa wa kuuza, na kila nikipiga hesabu ya godoro, tranka, sare na nauli ya treni ya Tabora, haitoshi.