Usiitikie tu

Jamani leo Jumatano lakini akili yangu imebaki Jumamosi, kwenye sherehe ya watoto ya Krismasi nilipovaa Santa, pale uwanjani nyuma ya kanisa, kwenye kile kiti cha plastiki walichokifunika kitenge chekundu. Nimeshona tangu asubuhi, nimekata magauni matatu, nimeenda ovaloki nikakuta foleni nikarudi, na kila cherehani ikinyamaza kidogo nasikia kasauti kanasema "usiitikie tu". Nimeona niandike labda katatulia.

Mnakumbuka niliwaambia ile suti ya Santa nimeishona mwenyewe, satini nyekundu ya Mtaa wa Kongo, yale manyoya meupe ya pembeni ni pamba ya duka la dawa na ndevu hivyohivyo. Niliishona kwa vipimo vya yule kaka wa sauti ya nne ambaye ndo anavaaga kila mwaka. Ijumaa usiku akapigiwa simu, msiba kwao Same, kaondoka na basi la alfajiri. Saa moja asubuhi mwenyekiti wa kamati ya watoto ananipigia, "mama, suti unayo wewe, na urefu unao wewe." Sauti yangu nayo mnaijua, kwenye kwaya nasimama na wakaka wa sauti ya tatu miaka yote. Nikasema sawa. Baba watoto alinifunga mkanda mwenyewe, akanirekebisha mto tumboni, akaniambia nenda kawafurahishe watoto wa watu, na mimi moyoni nikaenda kwa nia hiyo kabisa.

Joto la Dar la Desemba sina haja ya kuwaeleza. Satini haipitishi hewa, jasho linashuka mpaka ndani ya raba. Lakini nilivyotokea tu kwenye kona ya ukumbi, wale watoto, walikuwa 140 na kitu, vigango vyote, waliinuka wote kwa pamoja na kelele ambayo sijawahi kupigiwa maishani mwangu. Halafu wakapangwa mstari, na kila anayefika mbele yangu anaanza na "shikamoo Santa". Namwitikia marahaba, namuuliza anataka Krismasi aletewe nini, ananinong'oneza, nampa kifurushi chake cha biskuti, madaftari mawili na kalamu, anapita. Tulikubaliana hivyo na kamati, Santa haahidi kitu, anasikiliza tu na kusema Mungu akubariki.

Sasa kuna kabinti kamoja, miaka 8, labda 9. Kamevaa gauni la bluu lenye kola ya duara. Kamefika, kamenisalimia vizuri kwa adabu, nikauliza kama nilivyowauliza wote. Hakakujibu hapohapo. Kakageuka kwanza kuangalia kule kwenye benchi walipokaa wazazi, halafu kakanisogelea kabisa mpaka pamba ya ndevu ikagusa shavu lake.

"Naomba mama asichukue hela kwa wale watu."

"Watu gani mwanangu?"

"Wale wa marejesho. Anataka kuchukua ya gauni langu. Mimi hili linanitosha, likishushwa pindo."

Na mimi, kwa ile sauti nzito ya Santa, nikasema, "Sawa mwanangu, Santa amesikia."

Kakaniangalia machoni. Sio kwa hasira, sio kwa kudeka. Kakasema, "Usiitikie tu." Kakachukua kifurushi chake, kakasema asante, kakaondoka, na nyuma yake tayari kuna kavulana kananirukia mapajani.

Ndo hivyo tu, haikufika hata dakika moja. Nimeirudia labda mara mia. Mara nyingine najijibu ningesema "usiogope", mara nyingine naona ningemshika mkono tu nisiseme kitu. Nikiwa nakaanga vitunguu juzi nikapata jibu zuri kabisa, nikasimama na mwiko mkononi, halafu nikakumbuka hakuna wa kumpa. Kinachoniuma ni kwamba katoto kale kameshajua kuitikiwa. Kameshasikia "sawa" nyingi za watu wazima, sawa ya mama, sawa ya wale wakaka wenye daftari, sawa ya baba kama yupo, mpaka sawa ya Santa imefika kwake ikiwa imechuja. Na nilikuwa nimeitikia tu kweli. Nilikuwa nawaza foleni.

Na lile gauni. Mimi ni fundi, jicho langu halina mapumziko. Gauni la mtoto naachaga inchi 3 za pindo, kila fundi anayejali anaacha, ili mwakani lishushwe, mtoto anakua. Lile la bluu lilikuwa limeshashushwa. Ule mstari wa mkunjo wa zamani ulikuwa unaonekana, umepauka, umezunguka gauni zima kama alama ya maji ukutani, na chini yake pindo lililobaki ni lile la kupinda tu uzi usifumuke. Hakuna cha kushusha tena pale. Kale katoto ama hakajui, ama kanajua na kamesema vile makusudi ili nisiwe na wasiwasi nalo, na hili la pili ndo limeninyima usingizi juzi na jana.

Nyie mnaokaa mbali labda hamjui vizuri hii mikopo ya kausha damu. Hapa mtaani jirani yangu wa fremu ya pili, yule mama wa chipsi, alichukua laki moja, anarejesha elfu 5 kila siku kwa mwezi mzima, siku ukikosa wanakuja wakaka wawili kukaa mlangoni. Mwaka jana walimbebea friji mchana kweupe. Na Desemba ndo msimu wao kama ulivyo msimu wangu, maana hakuna mzazi anayetaka mwanae aamke tarehe 25 avae la mwaka jana wakati mtoto wa jirani anameremeta. Mimi nakula kwenye msimu huohuo, hilo nalijua. Ila nilikuwa sijawahi kufikiria nani anafungua mlango wale wakaka wakibisha hodi. Mama anajificha chumbani. Anafungua mtoto. Anatumwa akaseme "mama hayupo", na anasema, akiwa na miaka yake 8.

Lakini sitaki mdhani ilikuwa siku ya huzuni, hapana, nitakuwa nimewadhulumu wale wengine. Yaani kuna raha moja ya kusikiliza watoto ambayo hata mimi mwenye wa kwangu wanne nilikuwa siijui, kwa sababu wa kwangu wananiomba mimi, wanajua bei, wanajipunguzia wenyewe. Santa hawampunguzii. Kavulana kamoja kanataka kupanda treni ya umeme mpaka Dodoma, kakae dirishani, bila dada yake. Tangu ile treni ianze mwaka 2024 nadhani nusu ya watoto wa Dar wanaiota. Mwingine anataka jezi ya Yanga, mdogo wake nyuma yake anataka ya Simba, nikawauliza mnakaa nyumba moja, wakasema ndio, kitanda kimoja. Kuna mmoja anataka paja la kuku zima awe amepewa yeye kwanza kabla ya wageni. Mmoja bibi yake apone miguu ili aje kwenye kipaimara chake. Mmoja anataka umeme usikatike wakati wa katuni. Kuna kasichana kakaniuliza wewe Santa unakaa wapi, nikasema kaskazini huko mbali kwenye baridi, kakafikiri kidogo, kakasema, "Aaah, Moshi." Kakaenda kuwatangazia wenzake, na kufikia mwisho wa mstari watoto wananiuliza kama ntarudi na basi gani na kama tiketi nimeshakata maana mwezi huu zinaisha. Nilicheka mpaka mto ukashuka. Kuna kingine, kadogo kabisa, hakakutaka kitu, kalikaa tu mapajani kakashika kidole changu gumba, wakakaita kakakataa kushuka, nikaendelea na mstari nacho nimekapakata hivyohivyo.

Kwa hiyo nilirudi nyumbani nimechoka na nina furaha, kweli, baba watoto ni shahidi. Ile sauti ilikuja usiku, nikiwa naivua ile pamba kwenye kidevu kwa mafuta ya nazi.

Asubuhi ile ya Jumamosi padre alikuwa amewasimulia watoto habari za Mtakatifu Nikolao, yule askofu wa Mira, pale ambapo leo ni Uturuki, tunayemkumbuka tarehe 6 Desemba, ambaye jina lake limepita midomoni mwa Waholanzi na Wamarekani mpaka likawa hili la Santa Claus. Inasimuliwa kulikuwa na baba maskini mwenye mabinti watatu, na kule mahari ilikuwa inatoka kwa upande wa binti, baba hana kitu, mabinti wanaelekea kuharibikiwa, na Nikolao akapita usiku akarusha mfuko wa dhahabu dirishani akaondoka, mara tatu, binti kwa binti. Nimeisikia tangu nasoma katekisimu. Safari hii nikabaki na kitu kimoja ambacho nilikuwa sijakiona, kwamba hakumuuliza mtu kitu. Hakusema sawa wala hakusema nimesikia. Alipita usiku.

Basi Jumatatu, siku ileile majina ya kidato cha kwanza yalipotoka na binti yetu akaonekana kapangiwa bweni Tabora, na mwenye fremu akaja na habari yake ya kupandisha kodi, mimi nilikuwa nimekaa na daftari la oda. Jina la kale katoto sikuliuliza. Santa anatakiwa anajua, ningeulizaje. Ila mwili wake nilishaupima kwa macho, kifua 25, labda 26 akivuta pumzi, urefu wa gauni 30. Nikapekua ukurasa kwa ukurasa. Magauni ya watoto wa kike ya sikukuu yapo 19. Ya kifua 25 na 26 yapo manne. Moja advansi wameshaleta elfu 10 bado elfu 18, jingine bado 15, jingine bado 20, la mwisho bado 15. Elfu 68 jumla. Najua inaweza ikawa hakuna hata mmoja, mama yake pengine ananunua la dukani Kariakoo, pengine ana fundi wake. Na elfu 68 kwangu wiki hii ni godoro la bweni na ndoo na bado. Nilimweleza baba watoto. Hakusema sawa, ashukuriwe. Alisema "ngoja nifikirie", akatoka nje, akarudi akasema godoro tunaweza kumpa lile la mgeni.

Nikawaandikia wote wanne ujumbe mmoja, nikaufuta mara tatu maana sikutaka mtu ajione anahurumiwa. Mwisho nikaandika hivi: "Mama habari za leo, gauni la mtoto litakuwa tayari Jumatatu, njoo uchukue. Hela iliyobaki utaleta mwezi wa pili, sasa hivi usihangaike." Basi.

Wa kwanza kanijibu amina na vikopa vitano. Wa pili kasema ana hela yake, atanimalizia yote, na kweli jioni alinitumia. Wa tatu mpaka leo kimya.

Wa nne alinipigia jana mchana. Nilipokea nikiwa nafanya zipu. Akanyamaza kwanza, nikasikia tu kuku nyuma yake na mtoto anaimba, halafu akasema, "Fundi, mbona hukusema juzi? Jana nimeshachukua hela." Nikamwambia irudishe basi, leo tu, hujaitumia. Akasema hairudi, fundi, ukishasaini hairudi, na ya fomu wameshaikata. Akasema asante lakini, Mungu akubariki, gauni nitakuja kulichukua na hela yako kabisa. Nikamwambia hela yangu usinipe, anzia nayo marejesho ya wale. Tukabishana pale kidogo kwa heshima, akakubali.

Sikumuuliza kama binti yake ana gauni la bluu lenye kola ya duara. Nilitaka. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, nikakumbuka kale katoto kalivyogeuka kwanza kuangalia benchi kabla ya kusema. Kalinipa siri ya mama yake. Nikamuuliza tu yule anayeimba ni nani, akasema ndo mwenye gauni.

Sasa lile gauni nimelitoa kwenye foleni nalishona leo, la kwanza kabisa. Rangi ya pichi, neti mbili chini, bitana ya pamba lisimwashe. Pindo nimeacha inchi 5. Halining'inii vizuri, kwa fundi yeyote ataona zito chini, sijali, nimeacha 5.

Kuna jingine linanisumbua, nimalizie nalo hapahapa. Jana usiku saa tano simu ya mama kule Lushoto iliita mara moja ikakatika. Mama saa tatu huwa ameshalala. Nikadhani kaikalia. Leo nimempigia mara nne haipatikani, yule jirani yake naye inaita tu hapokei, na mdogo wangu yuko njiani na washenga mtandao hamna. Labda chaji. Mvua zimenyesha huko wiki nzima, wamesema kwenye taarifa ya habari. Namalizia mkono huu mmoja halafu nampigia tena.