Askari wangu kafika mwisho, kagoma kuwa malkia

Jamani leo nimechekwa na kompyuta ya 1981 😂

Niko nyumbani, umeme umerudi, nikafungua emuleta (programu ya kuiga kompyuta nyingine) ya Sinclair ZX81, ile kompyuta ya Uingereza yenye memori ya 1K tu, yaani baiti 1024, na humo humo picha ya skrini nayo inataka nafasi. Nikaweka programu ya chesi aliyoiandika David Horne. Baiti 672! Hiki ninachoandika hapa chenyewe kinazidi hiyo programu nzima.

Basi nikacheza, inafikiria taratibuuu, mi namsukuma askari wangu mdogo mdogo hatua kwa hatua huku nafurahi moyoni nikijua akigusa mstari wa mwisho tu napata malkia mpya.

Kafika.

Kasimama.

Hakuna kitu, bado ni askari, yuko pale ukutani kama mtu aliyefika ofisini akakuta pamefungwa.

Kumbe huyo Horne alikata hiyo sheria ili programu itoshe, na ile ya mfalme kujificha kwa ngome nayo hamna. Nikabaki namwangalia tu huyo askari, nikamhurumia kabisa.

Ingekuwa wewe ungekata sheria gani?