Nilivyowafundisha vijana wa sekondari kumgeuza mgonjwa

Mimi ni muuguzi hapa Lamu. Likizo ya Agosti niliwakusanya wanafunzi 12 wa kidato cha tatu, nikawafundisha kazi ya msaidizi wa muuguzi katika chumba cha madrasa tulichoazimwa. Marekani, ambako wapo wanaoisomea kazi hii wakiwa bado sekondari, sheria inataka mafunzo ya saa 75 angalau, 16 kati yake za vitendo. Nami nikashika kipimo hicho, ila vitendo nikavizidisha sana.

Kunawa mikono, kupima joto na kuhesabu pumzi waliyashika upesi. Mapigo ya moyo yalitusumbua siku mbili, kwa sababu walibonyeza kwa kidole gumba, nacho kina mpigo wake.

Kazi ilikuwa kwenye kugeuza. Niliwaambia mgonjwa asiyejiweza hugeuzwa kila baada ya saa 2 asipate kidonda cha kulala, wakaandika daftarini, basi. Kesho yake nikawalaza mmoja mmoja kwenye kitanda cha kamba, nusu saa bila kujitikisa. Haikufika dakika ya 10, wakaanza kulia na visigino na nyonga. Kitanda hicho hubonyea katikati, mikono haipati pa kushika. Tukatandika leso (kanga) iliyokunjwa chini ya mgonjwa, kutoka mabegani hadi mapajani, wawili wakaivuta kwa pamoja. Leso haikosi nyumba yoyote.

Vitabu husema kidonda cha kulala huanza kwa wekundu. Kwenye ngozi nyeusi kama zetu wekundu huo hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo niliwazoeza kupapasa kwa mgongo wa vidole: pana joto? Pamekuwa pagumu kuliko pembeni?

Kosa kubwa nililifanya mimi, ziara ya kwanza majumbani kwa wagonjwa, mtaa wa Mkomani. Niliingia na vijana 6 kwa mpigo kwa mzee mwenye kiharusi. Akavuta kikoi, akajifunika uso. Nilimwomba radhi, nikawatoa wote. Tangu hapo waliingia wawili wawili, wavulana kwa wazee wa kiume, wasichana kwa kina bibi, baada ya hodi na ruhusa ya mgonjwa mwenyewe. Wakati wa kuogesha, hufunuliwa kile kiungo kinachooshwa tu. Kwangu sitara hiyo ni nusu ya uuguzi.

Wiki ya mwisho, mtaa wa Langoni, msichana mmoja alisimamisha mkono akimwogesha bibi.

"Sista, hapa pana joto."

Nikapapasa nyonga. Kweli. Tukamlaza ubavu wa pili, na yule msichana akamshika mkono binti wa bibi, akamwonyesha mahali pa kupapasa usiku.