Waliosoma pamoja miaka ya Vita vya Pili vya Dunia: namna ya kuwafuata mmoja mmoja

Wengi wanaoandika habari za shule zao za zamani huanza na majina makubwa. Wa shule ya Tabora, Tanganyika, wanamtaja Nyerere, wa shule ya Alliance, Kenya, wanamtaja Njonjo, na kazi inaishia hapo. Naona ni hasara kubwa. Darasa la mwaka 1940 au 1942 lilitoa waziri mmoja, lakini lilitoa pia makarani wa reli, waganga wasaidizi, walimu wa misheni, machifu, wafungwa wa kisiasa na askari ambao hawakurudi. Wote hao walikaa madawati yaleyale. Kuwapata inawezekana, mradi uanze na daftari.

Daftari lenyewe ni rejista ya kuandikisha wanafunzi. Shule nyingi za zamani bado zinayo, mara nyingi kabatini ofisini kwa mkuu wa shule. Kwa kawaida ina safu za namba, jina, tarehe ya kuingia, mzazi au mlezi, wilaya, dini, tarehe ya kuondoka, na sababu ya kuondoka. Nakili safu zote, hata zile zinazoonekana hazina maana. Namba ya mwanafunzi ndiyo itakayokuokoa baadaye, na safu ya sababu ndiyo yenye utajiri: "ada", "jeshi", "Makerere", "amefariki". Neno moja tu linakuelekeza pa kutafuta.

Kikwazo cha kwanza ni jina, na ndicho kinachowashinda wengi. Nyerere aliingia Tabora mwaka 1937 na kutoka 1942, lakini alibatizwa Desemba 1943, na hapo ndipo alipoitwa Julius. Anayetafuta "Julius" katika karatasi za Tabora za miaka hiyo atapekua bure. Anayetafutwa alikuwa Kambarage. Ndivyo ilivyokuwa kwa vijana wengi wa rika lile: jina la nyumbani, jina la ubatizo, jina la baba, na tahajia ya karani aliyeandika kwa kusikia. Kwa kila mtu tengeneza kadi moja yenye majina yake yote, na usifute hata moja kwa kudhani limekosewa. Kama alikuwa Mkatoliki, nenda parokiani kwao. Rejista ya ubatizo huandikwa tarehe, wazazi na wasimamizi, na pembeni mara nyingi padre aliongeza ndoa ilifungwa lini na wapi. Nyingi za zamani ni za Kilatini, lakini maneno ni machache na yanajirudia.

Baada ya majina, tazama mwaka wa kuzaliwa na ada. Vitu hivyo viwili viliwatawanya vijana wale kuliko akili zao. Bildad Kaggia alifaulu kwenda Alliance, akakosa karo. Akawa karani wa serikali, akaingia jeshini, akafika Mashariki ya Kati na Uingereza, na mwaka 1953 akahukumiwa Kapenguria pamoja na Kenyatta kwa kesi ya Mau Mau. Kizimbani walikuwa pia na Paul Ngei, ambaye alisoma Alliance, kisha Makerere. Shule hiyohiyo ilimsomesha Ronald Ngala, mwalimu aliyekuja kuongoza chama cha KADU, na Charles Njonjo, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu tangu 1963. Mmoja mfungwa, mmoja mpinzani, mmoja mshauri wa sheria wa serikali. Usidhani wote walipita darasa moja mwaka mmoja; hilo ndilo rejista inakusaidia kulipanga.

Waliofika Makerere ni rahisi zaidi kuwafuata. Hapakuwa na digrii wakati ule. Uhusiano na Chuo Kikuu cha London ulikuja 1949. Walitoka na diploma za ualimu, utabibu, kilimo au mifugo, na karibu wote wakaajiriwa na serikali au misheni. Kwa hiyo watafute katika Gazeti la Serikali, kwenye uteuzi, uhamisho na likizo. Kati ya waliokuwa Makerere na Nyerere, Andrew Tibandebage alifundisha kisha akawa balozi, na Hamza Mwapachu akawa ofisa wa ustawi wa jamii. Abdallah Fundikira, aliyesomea kilimo, akawa mtemi wa Unyanyembe, waziri, na miaka ya 1990 mwanzilishi wa chama cha upinzani.

Kwa walioingia jeshini, kosa la kawaida ni kumtafuta kila mtu katika KAR (King's African Rifles), vikosi vya askari wa miguu. Afrika Mashariki ilitoa zaidi ya askari 300,000, na kijana aliyesoma hakuwekwa sana kwenye bunduki. Alihitajika kwenye mawasiliano, hospitali, usafirishaji, na kile kikosi cha elimu kilichofundisha askari kusoma na kuandika. Uliza kwanza kazi yake, ndipo uulize kikosi. Ukipata cheti cha kuachishwa jeshi, nakili namba kabla ya jina. Namba haibadiliki, jina hubadilika.

Nyota za vita (medali zenye umbo la nyota) na medali nyingine zinasema jambo moja tu: alikuwa wapi. Kwa kawaida medali za vita vile hazikuchongwa jina, kwa hiyo nyota iliyo sandukuni si ushahidi wa mwenyewe mpaka familia ieleze ilikotoka. Tazama utepe. Wa Burma una mstari mpana mwekundu katikati, buluu nzito pande mbili, na mstari wa chungwa ndani ya kila buluu. Wa Afrika ni wa rangi ya mchanga, nyekundu katikati, buluu nzito upande mmoja na buluu nyepesi upande wa pili. Mwenye wa Afrika pengine alikuwa Uhabeshi au Somalia kabla ya mwisho wa Novemba 1941. Nyota zikitenganishwa na tepe zake, familia hushona upya kwa kubahatisha, na hapo unapotea. Basi soma pia maandishi ya kwenye shaba yenyewe.

Wasiorudi wana kumbukumbu bora kuliko waliorudi, jambo linalohuzunisha. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na manowari ya Kijapani, wakafa karibu watu 1,300, wakiwamo wapiga mizinga wengi wa Afrika Mashariki. Majina ya wapiga mizinga hao wasio na kaburi yako kwenye mnara wa Afrika Mashariki katika makaburi ya vita, Barabara ya Ngong, Nairobi, na tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya bure kwenye intaneti. Jaribu tahajia tatu au nne, kisha tafuta kwa namba.

Waliorudi na kukaa kimya ndio kazi kubwa. Wengine waliajiriwa Kongwa kwenye mradi wa karanga kuanzia 1947. Wengine walifungua duka au walirudi shambani. Kwa Kenya, Gazeti la Serikali hutangaza maombi ya mirathi, yenye jina la marehemu, mahali na tarehe ya kufariki, na mara nyingi majina yake mengine. Hapo kadi yako ya majina inalipa.

Aliyezaliwa 1920 leo angepita miaka mia, kwa hiyo utazungumza na wajane, wadogo zao na watoto. Usiulize "mwaka gani". Uliza kabla au baada ya njaa ya 1943, kabla au baada ya mtoto wa kwanza. Mkiwa na picha ya darasa, ipigwe nakala kwa ubora wa dpi 600 (nukta 600 kwa inchi), kisha waonyeshe wazee wawili kwa nyakati tofauti. Wakiwa pamoja, mmoja atamfuata mwenzake. Andika majina kwa safu, kutoka kushoto, kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni. Wino wa kalamu nyuma ya picha hupenya hadi usoni.

Wasichana wanahitaji njia nyingine, kwa sababu rejista ya shule ina jina la baba na dunia inamjua kwa jina la mume. Tabora walikuwa na shule ya wasichana tangu miaka ya 1920, na Makerere ilipokea wanawake wa kwanza 1945, sita tu. Anza na rejista za ndoa za kanisa au msikiti, kisha vyuo vya uuguzi na ualimu, ndipo urudi shuleni na jina la pili mkononi.