Nilivyofunga hita ya dizeli kwenye gari la kulalia, na kwa nini hita plagi haikuwa na kosa

Nimeishi Uskoti muda wa kutosha kujua kwamba kinachomtesa mtu anayelala ndani ya gari huku si baridi peke yake, bali ni unyevu. Watu wawili wakilala ndani ya Ford Transit madirisha yakiwa yamefungwa, asubuhi maji hutiririka kwenye vioo na kwenye bati la paa, blanketi hulowa, na godoro huanza kunuka ukungu kabla mwezi haujaisha. Mke wangu na mimi tunapenda milima, pengine kwa sababu sote tulikulia Moshi, na safari zetu nyingi ni za Aviemore na za Fort William chini ya mlima Ben Nevis, ambako hata mwezi wa Aprili theluji huwa bado imekaa juu.

Wengi walitushauri tutumie jiko dogo la gesi lisilo na bomba, na tulilitumia majira mazima ya baridi. Ushauri huo ulikuwa mbaya kuliko wote tuliowahi kupewa. Gesi ya propani inapoungua hutoa maji. Kila kilo moja ya gesi huzaa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke, na kwa kuwa jiko halina pa kuutolea, mvuke wote hubaki humo humo mnamolala, pamoja na hatari ya kaboni monoksidi ambayo haionekani wala hainuki. Hita ya dizeli ina njia mbili za hewa zisizokutana. Ya kwanza huvuta hewa ya nje kwa ajili ya moto na kuirudisha nje ikiwa moshi. Ya pili huzungusha hewa ya ndani ya gari, ikipita juu ya mapezi ya alumini yaliyopashwa na moto huo. Hewa inayokufikia ni kavu, na vioo vyetu siku hizi asubuhi huwa vikavu pia.

Karakana moja iliniambia kwamba kununua na kufungiwa hita ya Kijerumani kungenigharimu zaidi ya pauni elfu moja. Nilinunua ya Kichina yenye umbo lililoigwa kutoka kwa hizo hizo za Kijerumani, kwa pauni mia na ushei, ikiwa na tangi, pampu na mabomba yake. Hapa pia nilipata washauri: chukua ya kilowati nane, wakasema, kubwa ni kubwa. Si kweli. Maboksi mengi yaliyoandikwa kilowati nane yana mwili ule ule wa tano, na hata kama maandishi yangekuwa ya kweli, hita kubwa ndani ya gari dogo hulazimika kuwaka kwa moto mdogo usiku kucha, na moto mdogo wa dizeli ndio unaozaa masizi. Kilowati mbili zinatutosha, na usiku mwingi hatuzitumii zote.

Kutoboa sakafu chini ya kiti cha abiria, kufunga bamba na kulizungushia silikoni sitakueleza, kwa kuwa mtu yeyote anayeweza kushika drili atayaweza, mradi aingie kwanza chini ya gari aone mabomba ya breki yanapita wapi. Kilichonila ni kuiwasha.

Mara ya kwanza feni ilizunguka, pampu ikaanza kugonga, na baada ya dakika chache moshi mweupe mzito ulitoka chini ya gari na kuenea uani hadi jirani akatoka nje akidhani kuna kinachoungua. Kisha mtambo ukajizima na kuonyesha alama ya hitilafu. Niliuwasha tena, ukafanya vile vile. Mshauri wa kwanza aliniambia ninunue pampu mpya. Wa pili, kwa uhakika mkubwa zaidi, alisema kwamba hita plagi, yaani kile kipande kidogo kinachopashwa kwa umeme ili kuwasha dizeli, imekufa, kwa sababu hizi za Kichina ni za bahati nasibu. Wa tatu, dereva wa lori mwenyeji wa Mombasa ambaye ninamheshimu sana, alisema tu, "Ndugu yangu, rudisha huo mtambo, ununue wa Kijerumani."

Hakuna hata mmoja wao aliyeutazama moshi. Moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi ni dizeli iliyofika kwenye chumba cha moto, ikageuka mvuke, lakini haikushika. Kama pampu ingekuwa mbovu, kusingekuwa na moshi wowote. Tatizo, basi, lilikuwa kwenye joto la kuwashia, na joto hilo hutoka kwenye hita plagi, nayo hita plagi hula umeme: karibu ampia 10 kwa dakika mbili au tatu za mwanzo, kisha mtambo hutulia na kutumia umeme mdogo sana. Nilichukua mita nikapima betri, nikaona volti 12.4. Nikapima tena, safari hii kwenye soketi ya mtambo wenyewe, wakati ule ule hita plagi inavuta, nikaona volti 10.9, na inazidi kushuka.

Betri yangu iko nyuma kabisa karibu na milango, yaani mita nne hivi kutoka kwenye hita, na umeme husafiri kwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu ni ya mita nane za waya. Waya uliokuja na mtambo, na ule ambao muuzaji aliniambia unafaa kuurefushia, ulikuwa wa milimita moja na nusu za mraba. Ukipitisha ampia 10 katika mita nane za waya mwembamba kiasi hicho, karibu volti nzima hupotea njiani, na viungio hafifu pamoja na kishikio cha fyuzi cha bei ya chini vilikuwa vinakula kilichobaki. Nilivuta waya wa milimita sita za mraba moja kwa moja kutoka kwenye betri, nikaweka fyuzi nzuri karibu na betri yenyewe, na upotevu ukashuka hadi robo ya volti hivi. Nilibonyeza kitufe. Moshi ulitoka kidogo, ukakatika, na mngurumo wa moto ukasikika. Hita plagi iliyodaiwa kuwa imekufa ndiyo hiyo hiyo ninayoitumia mpaka leo, na waya wote ulinigharimu pesa ya chakula cha mchana cha watu wawili. Dereva wangu wa Mombasa nilimpigia simu nikamsikilizisha ule mngurumo bila kusema neno.

Raha hiyo haikudumu, kwa sababu hita sasa iliwaka vizuri lakini kwenye moto mdogo ilizimika yenyewe usiku wa manane, saa ambayo hakuna anayetaka kutoka nje. Safari hii sikumuuliza mtu. Niliangalia mpira wa kijani unaopitisha mafuta, laini na mpana, nikauona umejaa mapovu yanayosogea polepole kuelekea kwenye mtambo. Pampu hii haisukumi mafuta mfululizo; hutoa tone dogo lililopimwa kwa kila pigo, na povu moja kubwa likifika kwenye moto mdogo, moto hukosa chakula kwa sekunde kadhaa na kufa. Niliutupa mpira huo na kuweka neli ngumu ya nailoni nyeupe yenye tundu la milimita mbili tu, ambamo povu halipati nafasi ya kukua. Neli hiyo ikatwe kwa wembe, kwa kuwa koleo huiminya mdomo, na pale inapoungwa kwa kipande cha mpira ncha mbili za nailoni lazima zigusane kabisa ndani yake, la sivyo pengo lililobaki linakuwa kiwanda kipya cha mapovu. Pampu nayo iinamishwe, mdomo wa kutolea ukielekea juu, ili hewa ipande na kutoka badala ya kukaa ndani.

Sasa nifike kwenye kitu ninachojivunia kuliko vyote. Pampu hugonga zaidi ya mara moja kwa sekunde kwenye moto mdogo na mara tano hivi kwenye moto mkubwa, na ikifungwa kwa bolti kwenye chasisi, gari zima linakuwa ngoma. Kishikio chake cha mpira hakikusaidia chochote. Nilinunua kingine kilichosifiwa kuwa cha kimyakimya, nacho hakikunyamazisha kitu. Ndipo nikakumbuka jinsi wauza ndizi wa kwetu wanavyofunga mizigo kwenye baiskeli kwa vipande vya tyubu, mizigo ambayo hupita kwenye mashimo bila kulegea. Nilikata pete za upana wa vidole viwili kutoka kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, nikazisokota mara moja katikati ili kila pete iwe na vitanzi viwili, kitanzi kimoja kikaishika pampu na kingine kikaingia kwenye bolti. Pampu ikabaki inaning'inia hewani kwenye pete nne, imeinama ninavyotaka, haigusi chuma popote, na neli zimeachwa na ulegevu kidogo ili mlio wa kugonga usipande kupitia kwazo. Mke wangu, ambaye alikuwa ameshaanza kulala na pamba masikioni, aliniuliza kama nimeizima. Pete hizo huzikagua kila vuli na kuzibadilisha zikianza kupasuka, na ziko mbali na bomba la moshi, ambalo joto lake huvuka nyuzi 200 bila shida.

Kuhusu bomba hilo la moshi nina jambo moja la kusisitiza. Kizuia sauti kinachokuja na mtambo kimeunganishwa kwa mikunjo inayovuja, kwa hiyo mahali pake ni nje chini ya gari tu, na mdomo wa bomba lazima utokeze ubavuni, mbali na madirisha na mbali na mdomo unaovuta hewa ya kulishia moto, usiishie chini ya sakafu ambako moshi unaweza kurudi ndani kupitia tundu lolote. Bomba literemke kidogo ili maji yanayojikusanya yatoke. Kengele ya kaboni monoksidi tumeiweka karibu na kichwa cha kitanda, na huijaribu kabla ya kila safari.

Marekebisho ya mwisho yalikuwa ya hewa ya ndani. Kihisi cha joto cha hita yangu kimo ndani ya mtambo, kwenye mdomo wa kuvuta hewa, hivyo hita ilikuwa inapima joto lake yenyewe chini ya kiti na kuridhika, wakati miguu yetu nyuma imeganda. Niliunga bomba la kuvutia hewa hadi nyuma, chini ya kitanda, na sasa inapima baridi ya mahali tunapolala na kuvuta hewa hiyo nzito kuirudisha mbele. Bomba liwe pana na lisiwe na kona kali, kwa sababu mtambo ukinyimwa hewa hupata joto kupita kiasi na kujizima.

Usikate umeme hita ikiwa inawaka. Izime kwa kitufe uiache feni imalize kuipoza. Kila asubuhi huiwasha kwa moto mkubwa robo saa au zaidi ili masizi ya usiku yaungue. Rafiki yangu aliyeko Denver, Marekani, kwenye mita 1,600 juu ya bahari, alilazimika pia kupunguza mapigo ya pampu kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi na dizeli ilikuwa inazidi. Sisi wa Uskoti hatulihitaji hilo. Ndani ya sanduku la spana nabeba chujio la waya la hita plagi, gasketi moja, kipande cha neli ya nailoni na pete kadhaa za tyubu.