Nilivyoitoa Bedford ya jeshi matopeni Njoro

Bedford RL, lori la zamani la jeshi la Uingereza, niliyouziwa Njoro ilikuwa imezama matopeni hadi ekseli, nyuma ya zizi la ng'ombe, na hakuna gurudumu lililozunguka. "Kijana, hiyo lori imeota mizizi," mwenye shamba aliniambia. Nikamjibu, "Tutaing'oa, mzee."

Mafundi wenzangu wa Nakuru walitaka tukodi brekdauni, tufunge mnyororo, tuvute. Nilikataa. Brekdauni ikiingia kwenye tope lile msimu wa mvua, tutakuwa na magari mawili ya kuvutwa. Waingereza walikuwa na dawa ya mambo haya: Scammell Explorer ya miaka ya 1950, lori la kuokoa magari, magurudumu sita yote yanasukumwa na injini, winchi (mashine ya kuvuta kwa waya) na kreni juu yake. Ningeitoa wapi?

Nikasoma miongozo ya jeshi la Marekani kuhusu uokoaji wa magari. Wana kanuni rahisi. Gari likizama hadi magurudumu, utahitaji nguvu sawa na uzito wake wote. Likizama hadi madigadi, mara mbili. Likifika kwenye kabini, mara tatu. Bedford tupu ina karibu tani 4.5, basi nguvu niliyotafuta ilikuwa hiyo, na akiba juu yake.

Nikakodi Tirfor ya tani 3.2, ile winchi ya mkono yenye wenzo wa kusukuma na kuvuta, pamoja na kapi moja. Kapi ndiyo iliyonitoa. Ukiifunga kwenye lori, waya ukatoka kwenye winchi, ukazunguka kapi na ncha yake kurudi kufungwa kwenye nanga, yaani kitu kisichosogea kinachoishikilia pia winchi, unapata karibu mara mbili ya nguvu, ukitoa kidogo cha msuguano. Lori nalo linasogea nusu tu ya waya unaoingia, lakini nani alikuwa na haraka? Nanga yetu ilikuwa mkaratusi mnene, tukaufunga kwa mkanda mpana chini kabisa, karibu na mizizi. Ukifunga juu, shina linageuka kuwa wenzo wa kuuangusha mti wenyewe.

Hesabu zote hizo huanguka magurudumu yakiwa yameganda. Kwa hiyo kazi kubwa ilikuwa kabla ya kuvuta: kuchimba tope mbele ya matairi, kuinua kwa jeki juu ya mbao, kufungua dramu za breki zilizoshikwa na kutu, kisha kuchomoa shafti za ekseli ili magurudumu yazunguke bila kuizungusha giaboksi. Waya tuliufunga kwenye ndoano za chasi, kamwe si kwenye bampa, tukatandika gunia lenye maji katikati yake, na vijana wote wa shamba nikawafukuza mbali. Waya wa chuma ukikatika unarudi kwa kasi ya kukata mguu.

Ilitoka polepole, tope likitoa sauti ya kufyonza kila tairi lilipoachia. Mzee akauliza kama nitaliuza lori hilo kama spea. Nikamwambia kwanza nipate gasketi ya silinda hedi ya injini yake.