Siku 14 kati ya 20

Leo asubuhi, Malindi. Dema (mtego wa samaki wa kusukwa) jipya na la zamani yametegwa pamoja siku 20. Jipya limepata samaki wengi zaidi siku 14.

Jaribio la kawaida la takwimu likatoa p = 0.12. Ripoti ikaandikwa: "Hakuna tofauti."

Hapana jamani! Hiyo p yasema tu kwamba madema yakiwa sawa, matokeo yaliyoegemea upande mmoja kiasi hiki au zaidi hutokea kama mara 12 kwa 100.

Mvuvi akauliza: "Sasa nisuke mengine kama hili, au niache?"

Swali ndilo hilo.

Kwa njia ya Bayes, unaanza na dhana ya awali, kisha unairekebisha kwa data. Anza na Beta(1,1), yaani mkunjo wa uwezekano usioegemea popote, ongeza siku 14 za jipya na 6 zilizobaki, upate Beta(15,7). Uwezekano kwamba jipya ni bora: asilimia 96. Ukianza na shaka, Beta(10,10), yaani dhana kwamba madema yanakaribia kuwa sawa, unashuka hadi karibu 90.

Wenzangu, nyinyi mngeanza na ipi?